Kabla hujamwaga kiroba kingine cha chumvi kwenye bwawa, pima kwanza

Watu wenye mabwawa ya kuogelea ya chumvi majumbani wana ugonjwa mmoja, na mimi naujua kwa sababu picha zake wananitumia WhatsApp. Boksi la ukutani, lile linaloendesha mashine ya bwawa, limewasha taa nyekundu, limeandika chumvi ndogo, na chini ya picha swali ni lile lile, "niongeze viroba vingapi?" Hakuna anayeuliza kama kweli chumvi imepungua. Siku hizi jibu langu ni moja tu, usiongeze hata kijiko mpaka upime maji yenyewe, kwa sababu lile boksi halipimi chumvi, linakisia, na chumvi ukishaimwaga humo ndani haitoki kirahisi, jua haliichukui, filta haiichuji na dukani hakuna dawa ya kuipunguza. Inatoka na maji tu. Kwa hiyo ukizidisha chumvi unakuja kulipia maji, na mtu wa Dar anajua kulipia maji kukoje.

Mimi si fundi wa vyeti. Naangalia nyumba ya kaka yangu Kigamboni, yeye yuko Muscat kikazi, na hilo bwawa lake nimehangaika nalo mpaka majirani wakaanza kuniita kwao. Hayo ninayoandika hapa ni ya bwawa la nyumbani, la hoteli lina mambo yake.

Tuwekane sawa kwanza maana kuna watu wanadhani bwawa la chumvi ni maji ya bahari yamevutwa kwa pampu. Hapana. Chumvi ya bwawa inahesabiwa kwa ppm, na hiyo usiiogope, ni gramu moja ya chumvi kwenye kila lita 1,000 za maji. Bahari ina kama 35,000. Machozi yako kama 9,000. Bwawa la chumvi la nyumbani linakaa kwenye 3,000 na kitu, mashine nyingi zinapenda kati ya 2,700 na 3,400 (nyingine zinaenda juu zaidi, angalia kitabu chake au kibandiko kwenye boksi), na kwenye kiwango hicho wengi hata ulimi hauihisi vizuri. Ukiwasha mashine ya nyumbani kwenye maji ya bahari halisi utakuwa umepitiliza mara 10, itajizima yenyewe kama una bahati.

Halafu la pili, hilo bado ni bwawa la klorini. Samahani kwa waliouziwa kwamba halina klorini. Kwenye bomba linalorudisha maji bwawani kuna seli, ndani ya seli kuna pleti za titaniamu zimepakwa madini ya ruteniamu au iridiamu, umeme ukipita kati ya hizo pleti kwenye maji yenye chumvi inatengenezwa klorini, ile ile ya kwenye ndoo za dukani ila hapa inakuja kidogo kidogo muda wote pampu inapozunguka. Ikishaua vijidudu au ikishachomwa na jua inarudi kuwa kloraidi, yaani inarudi upande wa chumvi, inapita tena kwenye seli, inageuzwa tena. Mzunguko hauishi. Kwa hiyo mtu akikwambia mashine yake "inakula chumvi" mwambie akae chini mpige hesabu pamoja, mashine haili chumvi, mashine inakula umeme.

Sasa chumvi inapotea wapi? Inapotea na maji yanayotoka yakiwa maji. Unapoosha filta ya mchanga kwa kugeuza maji, ile wanaita bekiwoshi, lita 1,000 zikienda kwenye mfereji umetupa kilo 3 na zaidi za chumvi. Mvua kubwa ikijaza bwawa likafurika, inaondoka. Watoto wakirukaruka na kutoka wamelowa, inaondoka kidogo. Bomba likivuja chini ya vigae, inaondoka kimya kimya, na hii ndiyo mnatakiwa muiogope, kama ni kiangazi, bekiwoshi hufanyi mara kwa mara na chumvi inashuka kila mwezi, acha kununua viroba tafuta panapovuja.

Ila maji yanayokauka kwa jua hayaondoki na chumvi hata chembe. Bagamoyo wanavuna chumvi kwa kanuni hiyo hiyo, wanaingiza maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi wanaliachia jua limalize kazi. Na hapa ndipo sisi wa pwani tunatofautiana na vile vitabu vya mashine vinavyoandikwa na watu wanaojaza bwawa kwa maji ya bomba. Sisi tunajaza kwa maji ya kisima. Na kisima cha karibu na bahari wote tunakijua, sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha yake.

Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4. Hizo ni lita 45,000 ukikata kata. Jua la huku tuseme linakausha milimita 5 kwa siku, kwa eneo la mita za mraba 32 hizo ni lita 160 kila siku, lita 4,800 kwa mwezi. Unarudishia kwa maji ya kisima, na kisima chako tuseme kina ppm 1,500, ambayo kwa kisima cha ufukweni wala si ajabu. Umeingiza kilo 7 na ushee za chumvi bila kununua kiroba. Bwawa zima limepanda ppm 160. Mwezi unaofuata tena 160. Miezi sita ya jua na mvua za kuzuga tu unakaribia 1,000 juu ya ulipoanzia, na hapo bado kuna mtu anakuja na taa yake nyekundu anauliza aongeze viroba vingapi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, pima kisima. Wengi hawajawahi. Unapima bwawa unasahau maji unayolinywesha.

Sasa ya mzee jirani yangu, mstaafu, na yeye bwawa lake ni hilo hilo la 8 kwa 4. Nimepita pale jioni nikamkuta kasimama mbele ya boksi mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, afadhali umekuja. Hebu niangalizie hili dude, nimeweka viroba vitatu taa bado inawaka, na fundi kasema niongeze cha nne."

Viroba vya kilo 25. Nikamwomba asiongeze kwanza, nikaenda nyumbani nikachukua vichupa vyangu. Hiki kipimo nakipenda kuliko vyote kwa sababu macho yako ndiyo yanaona. Unachota maji, sio ya juu juu, unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na unakaa mbali na tundu linalorudisha maji. Unaweka mililita 10 kwenye kikopo, unadondoshea dawa ya kwanza, maji yanakuwa njano ya limau. Halafu unachukua kichupa cha pili, chenye madini ya fedha ndani yake, unadondosha tone moja moja huku unatikisa. Kila tone likigusa maji linafanya wingu jekundu dogo, ukitikisa linapotea, njano inarudi. Unaendelea. Itafika tone moja ile rangi haipotei tena, kikopo chote kinageuka rangi ya tofali, hapo unaacha, unazidisha idadi ya matone kwa 200. (Vaa glavu, hiyo dawa ikikudondokea kidole kinakuwa cheusi siku kadhaa, na usiimwage ndani ya bwawa.)

Mzee akawa anahesabu kwa sauti. Tone la 16 nilimwona ananiangalia, maana hapo ndipo kwenye 3,200 tunapotaka. Likapita. La 20 likapita. Tone la 24 ndiyo likageuka.

4,800.

Viroba vitatu ni kilo 75, ukigawanya kwa lita 45,000 unapata kama ppm 1,670. Toa hiyo kwenye 4,800 inabaki 3,130. Yaani siku ile taa imewaka mara ya kwanza chumvi ilikuwa sawasawa kabisa.

"Kwa hiyo mwanzo haikupungua?"

"Haikupungua mzee."

"Na viroba vyangu?"

"Viko humo ndani."

Tukazima umeme, tukafungua seli. Ukiishika ukaielekeza kwenye mwanga unatakiwa uone nafasi kati ya pleti na pleti, mwanga unapita. Yake ilikuwa imejaa utando mweupe mgumu, kalsiamu, upande mmoja umeziba kabisa. Na hapo ndipo siri ya boksi ilipo. Boksi nyingi hazina kipimo cha chumvi kama hicho chetu cha matone, zinaangalia umeme kiasi gani unapita kati ya pleti, zinachanganya na joto la maji, halafu zinapiga hesabu na kukuandikia namba. Pleti zikiwa chafu umeme unapita kidogo, boksi linasema chumvi ndogo. Pleti zikizeeka, hilo tabaka la madini likiisha, umeme unapita kidogo, boksi linasema chumvi ndogo. Maji yakiwa ya baridi vile vile, sisi wa Dar hili halituhusu ila mtu wa Arusha au Limuru mwezi wa saba linamhusu sana, namba inashuka kwa baridi tu na chumvi iko pale pale. Sababu kibao, taa moja, na fundi anaijua dawa moja tu.

Kuosha seli si kazi ngumu ila ina adabu zake. Anza na mpira wa maji, wakati mwingine unatosha. Ikigoma, asidi ya haidrokloriki sehemu moja kwa maji sehemu nne, na ni asidi ndiyo inamwagwa kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi, nje kwenye hewa, glavu na miwani. Inatoa mapovu, mapovu yakiisha toa suuza. Usichokonoe kwa bisibisi wala kisu. Na usifanye hivi kila wiki eti usafi, asidi inakula lile tabaka la kwenye pleti na seli mpya bei yake itakufanya ukae chini. Seli iliyotunzwa inaenda miaka mitatu mpaka saba hivi. Utando wenyewe unakuja kwa sababu pH ya haya mabwawa, yaani kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, inapenda kupanda yenyewe, ukiishika kati ya 7.2 na 7.8 kwa asidi kidogo kidogo unaosha seli mara chache sana.

Tulivyorudisha seli ya mzee na kuwasha, boksi likakaa kidogo, likaandika chumvi nyingi, likazima uzalishaji. Mzee alicheka kwa uchungu.

Kama huna vichupa vya matone kuna vijiti, vile unavyosimamisha kwenye kikombe chenye maji kidogo, maji yanapanda ndani ya kijiti yanaacha mstari mweupe wenye ncha, unasubiri dakika tatu nne mpaka kile kimstari cha juu kabisa kibadilike rangi kiwe cheusi cheusi ndiyo unasoma. Namba ya kwenye kijiti siyo ppm, unaenda kwenye jedwali lililobandikwa kwenye chupa yake, na kila chupa ina jedwali lake, usichanganye vijiti vya chupa hii na jedwali la ile. Vipimo vya kielektroniki navyo vipo, vya bei rahisi vingi vimetengenezwa kupima maji ya kunywa, vinabadilisha umeme kuwa namba kwa hesabu isiyo ya chumvi hii, unaweza kupata namba isiyo sahihi ukaamini. Tafuta kinachosema kabisa kinasoma chumvi.

Na usipime mara tu baada ya mvua. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, yanakaa juu kwanza, ukichota hapo juu utadhani bwawa limeibiwa. Pampu izunguke siku nzima ndipo uchote.

Tuseme basi umepima na kweli imepungua, masika yamepiga. Aprili ikimwaga milimita 250 kwenye hilo bwawa la mita za mraba 32 ni lita 8,000, kama limekuwa linafurika muda wote linaweza kukutoa 3,300 ukajikuta 2,760 hivi. Unataka kurudi 3,200. Zilizopungua ni 440, mara lita 45,000, ni kilo 20, hata kiroba kimoja hakiishi. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, ppm unazotaka kupanda zidisha kwa lita za bwawa kwa maelfu, unapata gramu. Mimi naweka robo tatu ya hesabu kwanza, napima kesho yake, namalizia.

Chumvi gani? Iliyo safi, asilimia 99 na kuendelea, isiyo na madini joto. Ya jikoni kwa sheria inawekwa madini joto Tanzania na Kenya, hiyo waachie wapishi, pamoja na hizo dawa za kuzuia isigandamane ambazo zinaweza kukuachia madoa. Na ile chumvi ya mawe inayouzwa rahisi, nzuri kwa mambo mengi, ila nyingine inakuja na udongo, magnesiamu na kalsiamu, hiyo kalsiamu ndiyo tuliyotoka kuiosha kwenye seli ya mzee. Mnunuaji wa rahisi mwenyewe ananielewa. Ukipata chumvi usiyoiamini, yeyusha konzi moja kwenye ndoo nyeupe, iache usiku, asubuhi angalia chini ya ndoo.

Wakati wa kumwaga zima seli, pampu iache inazunguka. Mwaga ukiwa unatembea pembeni upande wa maji mafupi, usimwage kwenye tundu la kufyonza, na usiache kilima cha chumvi kimekaa chini kinatafuna sakafu, piga brashi mpaka ipotee. Siku moja, ndiyo uwashe seli. Bwawa jipya la plasta subiri karibu mwezi kabla ya chumvi yoyote.

Chumvi ikizidi ubaya wake si ladha tu. Ngazi za chuma zinaanza vitone vya kutu, hasa kwenye maungio na skrubu, zile wanazoita "hazishiki kutu". Taa za ndani ya maji zinaliwa. Na mawe ya pembeni, watu wanapenda yale mawe laini ya asili, ya Mazeras kutoka Kenya au ya matumbawe, maji yanaingia kwenye vitundu, yanakauka, chumvi inaganda ndani inasukuma jiwe, jiwe linamenyeka magamba magamba. Ukiona ungaunga mweupe kwenye jiwe, suuza kwa maji matamu kila baada ya watu kuogelea.

Kupunguza ndiyo kazi. Unatoa maji unaweka mengine, na hapa maji unayoweka ndiyo yanaamua bei. Mzee alikuwa 4,800 anataka 3,400. Chukua namba uliyonayo toa unayotaka, gawanya kwa namba uliyonayo ukitoa ya maji mapya. Kwa kisima cha 1,500 ni 1,400 kwa 3,300, asilimia 42 ya bwawa, lita 19,000. Kwa maji matamu ya boza, tuseme yana 200, ni 1,400 kwa 4,600, asilimia 30, lita 13,700. Alikuwa anataka kutumia kisima kwa sababu ni bure. Bure gani, umeme wa Luku kuvuta lita 19,000, na bado umerudisha chumvi humo humo.

Ila usimwage bwawa lote, hasa masika. Maji ya ardhini huku pwani yako juu, mvua zikipiga yanasukuma kutoka chini, bwawa lenye maji linajizuia kwa uzito wake, bwawa tupu linaweza kupasuka sakafu au kunyanyuka kabisa. Toa kwa awamu. Na hayo maji usiyaelekeze kwenye migomba wala ukoka, na kaa mbali na kisima chako, itakuwa unajirudishia mwenyewe.

Mzee alileta boza moja la lita 10,000, bwawa likashuka mpaka 3,800 hivi, seli ikakubali kufanya kazi. Zilizobaki nikamwambia asilipe, zitatoka kwenye paa. Alikuwa anahitaji lita 4,500 tu za maji yasiyo na chumvi, na paa lake la mita za mraba 150 linazipata kwa mvua ya milimita 30, mvua moja ya jioni ya vuli. Unaiacha mvua ya kwanza ya msimu ioshe vumbi na vinyesi vya kunguru kwanza. Halafu ukiona mawingu yameiva unashusha bwawa sentimita 14 kwa pampu, kabla mvua haijaanza, kwa sababu ukisubiri lijae ndiyo lifurike litamwaga yale yale maji matamu yaliyokaa juu na chumvi itabaki chini imetulia. Bomba la inchi 4 kutoka kwenye gata, kiwiko kimoja, kipande cha chandarua mdomoni kuzuia majani. Baada ya siku moja ya kuzungusha pima chumvi, pima na alkalini, ile inayoishika pH isiyumbe, maana maji ya mvua hayana kitu ndani yake na pH itayumba, magadi kidogo yanarekebisha. Bomba la mzee limefungwa kwa kamba ya katani, mama mwenye nyumba halipendi, analitoa wageni wakija.